Kutoka Penseli Hadi Ukutani: Mwongozo wa Mchoraji Kijana wa Sura za Watu, Lamu

Kijana wa miaka 14 au 15 anayechora nyuso za watu ajipe miezi 18 kabla ya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake. Mitano ya penseli na mkaa, mitatu ya kuzoea rangi, minane ya kuchora picha zenyewe, miwili ya matayarisho ya mwisho. Wengi hugeuza mpango huu kichwa chini miguu juu: hutafuta ukumbi kwanza, tangazo husambazwa kwenye simu, halafu picha kumi huchorwa kwa wiki tatu kutoka kwenye skrini. Matokeo huonekana tangu mlangoni. Nyuso zote zina mwanga mmoja wa bapa, na zote zinatabasamu.

Mji wa Lamu una kitu ambacho wanafunzi wa sanaa mijini hukitafuta kwa pesa: watu wanaokaa. Mtu hukaa barazani saa nzima akizungumza, kichwa hakiendi mbali. Mwongozo huu umejengwa juu ya hilo. Simu ina kazi yake, lakini uso ujifunzwe kwa mtu aliye hai mbele yako.

Miezi mitano ya penseli na mkaa

Penseli nne zinatosha: HB, 2B, 4B na 6B. Karatasi za A4 za kawaida ni za mazoezi. Nunua chache nzito za A3, gramu 150 au zaidi, kwa michoro ya kuhifadhi. Zitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, juu ya kabati, si sakafuni. Hewa ya chumvi na unyevu wa kisiwani huitia karatasi madoa ya kahawia, na doa hilo halifutiki.

Mkaa wa kuchorea unaweza kuutengeneza nyumbani. Kata vijiti vilivyonyooka vya unene wa penseli, vimenye ganda, vikaushe siku tatu. Mwarobaini uko kila mahali, anza na huo. Vipange kwa kubana ndani ya kopo la maziwa ya unga, toboa kifuniko tundu moja kwa msumari, kisha lizike kopo kwenye makaa ya jiko. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikoma kabisa, kiasi cha saa moja, ondoa kopo na uliache lipoe bila kulifungua. Ukilifungua likiwa moto, hewa huingia na vijiti vinageuka majivu mbele ya macho yako. Fanya kazi hii uwanjani, si ndani ya nyumba.

Vipimo vya uso ni vichache na vyafaa kukaa kichwani. Macho yako katikati ya kichwa kizima, kutoka utosini hadi kidevuni. Upana wa kichwa ni kiasi cha macho matano. Chini ya pua ni nusu ya njia kutoka nyusi hadi kidevu. Mstari wa mdomo uko theluthi moja ya njia kutoka pua hadi kidevu. Masikio yamekaa baina ya nyusi na chini ya pua. Mtoto mdogo macho yake huwa chini ya katikati, kwa sababu taya bado halijakua. Ukimpa vipimo vya mtu mzima atatoka mzee mfupi. Kwa mzee ni kinyume: masikio na pua vimerefuka, midomo imekuwa myembamba.

Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza ni kupandisha macho juu sana na kukata paji la uso. Sababu ni kwamba jicho letu hupenda macho na mdomo, mkono nao huvipa nafasi kubwa. Kofia huzidisha kosa hili: kofia ya vito haikai juu ya nyusi, kuna fuvu ndani yake. Chora fuvu kwanza, kofia baadaye. Kosa la pili ni kuchora jicho la kushoto mpaka likamilike ndipo uende la kulia. Kichwa kinapogundulika kimeinama, jicho limeshakuwa zuri mno kulifuta. Anza na umbo zima la kichwa na shingo, weka mhimili wa kati wa uso, kisha sehemu za kivuli kama mabaka, na maumbo madogo mwisho.

Kupima, nyoosha mkono wote, fumba jicho moja, shika penseli wima na ulinganishe: upana wa uso unaingia mara ngapi katika urefu wake? Kiwiko kikikunjika kipimo kimeharibika.

Hesabu ya mazoezi ni vichwa 5 kwa wiki kutoka kwa watu hai, dakika 20 kila kimoja. Kwa wiki 20 ni vichwa 100. Andika tarehe nyuma ya kila karatasi na usiitupe hata moja, hata zile za kuaibisha. Kati ya hivyo 100, vichwa 30 vya mwisho vichore kwa mkaa kwa viwango vitano tu: mweusi kabisa, kivuli, kati, mwanga, mweupe wa karatasi. Asiyeweza kuujenga uso kwa viwango vitano hataokolewa na rangi.

Mwanga wa hapa si mwanga wa vitabuni

Vitabu na video nyingi za uchoraji hushauri dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko Ulaya jua haliingii upande huo, mwanga unatulia siku nzima. Lamu iko kama nyuzi 2 na robo kusini mwa ikweta, na ushauri huo ni kweli nusu ya mwaka tu. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na dirisha hilo hupigwa na jua. Miezi iliyobaki jua liko kusini. Basi kumbuka hivi: upepo ukiwa wa kaskazi, fungua dirisha la kaskazini, ukiwa wa kusi, hamia la kusini. Yaani kaa upande unakotoka upepo. Utapata mwanga uliotulia na baridi yake pia, ila ubane karatasi zako kwa vibanio.

Nyumba za zamani za mawe zina faida nyingine. Vyumba vyake hupata mwanga kupitia kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu. Mwanga unaoshuka kutoka juu na kupiga kuta nyeupe hugawanyika vizuri usoni: paji na shavu moja vinang'aa, upande wa pili unapata mwanga mdogo uliorudishwa na ukuta. Mkalishe mchorwa mita moja na nusu kutoka ukingo wa kiwanda, ubavu mmoja ukielekea mwanga. Akiwa katikati kabisa ya kiwanda, mwanga humwangukia utosini na macho yanazama gizani.

Nje, saa 2 hadi saa 4 asubuhi na saa 9 hadi saa 11 jioni ndizo saa za kazi. Adhuhuri iache. Katika njia nyembamba za mji kuna jambo la kuangalia: ukuta wenye jua ulio mkabala hutupa mwanga wa joto chini ya kidevu na puani. Wengi huuona wakadhani wamekosea, wakaufuta. Uache, ndio unaomfanya mtu aonekane amekaa Lamu badala ya studio ya picha.

Simu itumie kwa kumbukumbu ya nguo, mkono au pambo. Ukilazimika kupiga picha ya uso, simama mita 2 nyuma na uvute kwa zumu. Ukipiga kwa karibu pua hukua na masikio hukimbilia nyuma. Zima flashi, na zima ile programu ya kulainisha ngozi, ambayo kwenye simu nyingi huwa imewashwa bila mwenye simu kujua.

Kumwomba mtu akae

Hapa ndipo vijana wenye mkono mzuri hukwama. Mji ni mdogo na habari hutangulia. Nenda bila kalamu mkononi, salimia, ngoja maongezi yatulie.

“Shikamoo, mzee. Naomba idhini nikuchore hapa hapa ulipokaa, nusu saa hivi. Sipigi picha. Nikimaliza nitakuonyesha.”

“Marahaba, mwanangu. Na ukishanichora utaipeleka wapi?”

Swali hilo la mzee ndilo la msingi, na jibu lake lina sehemu tatu ambazo huombwa mbalimbali: ruhusa ya kuchora, ruhusa ya kutundika hadharani au kuuza, na ruhusa ya kuweka mtandaoni. Mtu anaweza kukubali ya kwanza na ya pili, akaikataa ya tatu. Andika jibu lake kwenye daftari, na kwa picha itakayoingia maonyeshoni andaa karatasi ya mistari minne atie sahihi: jina, tarehe, ruhusa alizotoa, na kama jina lake litajwe. Akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye mwenye sahihi. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, picha inayomtambulisha mtu si kitu cha kuchezea, na data ya mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi wake.

Kwa wanawake, mvulana asiende mwenyewe. Apitie kwa mama yake, shangazi au dada, na kazi ifanyikie nyumbani kukiwa na watu. Msichana mchoraji ana mlango ulio wazi zaidi, lakini idhini ya kutundika bado iulizwe upya, tena wakati mchorwa ameshaiona picha iliyokamilika. Bibi anaweza kufurahi kuchorwa na asifurahi kutazamwa na wageni.

Wapo watakaokwambia kuchora kiumbe chenye roho hakufai. Usibishane, shukuru, ondoka. Ukiona mlango huo umefungwa kwa watu wengi wa mtaa mmoja, kuna njia nyingine za haki: mikono inayosuka ukili, mtu kwa nyuma akiwa dakani (kibaraza cha mlangoni), seremala aliyeinamia ubao. Picha ya mtu haihitaji uso kila mara.

Mkao usizidi dakika 25 bila mapumziko. Kabla hajainuka, weka alama kwa chaki miguu ya kiti ilipo na mahali anapotazama. Vikao vitatu vya dakika 75 vinatosha kwa picha ya sentimita 40 kwa 50. Mnunulie kahawa. Ikiwa unampa pesa, sema kiasi mwanzoni, tena kiwe sawa kwa wote, watu huulizana.

Rangi: chache, na uzijue kwa namba

Kwa maonyesho ya kwanza tumia akriliki. Rangi za mafuta ni nzuri zaidi kwa ngozi, lakini tabaka nene huhitaji miezi 6 hadi 12 kabla ya vanishi, na tapentaini ndani ya chumba cha kulala ni sumu ya polepole.

Majina yaliyoandikwa kwenye tyubu hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Kisichobadilika ni namba ya unga wa rangi iliyochapwa kwa herufi ndogo nyuma. Tafuta hizi: nyeupe ya titani PW6, oka ya manjano PY42 au PY43, siena iliyochomwa PBr7, amba iliyochomwa PBr7, buluu ya ultramarini PB29, na nyekundu ya zambarau PV19. Siena na amba, zote mbili za kahawia, hubeba namba moja, kwa hiyo hapo soma jina pia. Iepuke PR83: ni nyekundu tamu, lakini hupauka kwenye mwanga, na huku mwanga haukosekani. Nyeusi usinunue.

Kwa picha 18 za sentimita 40 kwa 50, kwa tabaka za kawaida, kadiria nyeupe mililita 400, oka 200, na zilizobaki 120 kila moja. Agiza nyeupe yote mara moja. Ndiyo inayokwisha kwanza, na kungoja mzigo kutoka Mombasa au Nairobi katikati ya kazi huua mwendo. Brashi tano: bapa za milimita 25, 12 na 6, ya mviringo namba 6, na nyembamba namba 2. Ile namba 2 ifiche hadi siku ya mwisho.

Ngozi nyeusi huharibiwa na vitu viwili, nyeusi ya tyubu kwenye kivuli na nyeupe tupu kwenye mwanga. Nyeupe ya titani ni baridi na nzito. Ukiichanganya na kahawia peke yake uso unaonekana umepakwa majivu. Fuata mpangilio huu:

Kivuli kizito: amba sehemu 2, ultramarini sehemu 1. Huu ni weusi wenye uhai. Ukitaka joto ongeza tone la PV19.

Rangi ya kati: siena sehemu 3, amba sehemu 1, oka nusu. Hii ndiyo ngozi yenyewe, itengeneze nyingi, ijae kijiko cha chakula, uihifadhi kwenye kichupa chenye kifuniko.

Mwanga: chukua rangi ya kati, ipandishe kwanza kwa oka, ndipo utie nyeupe kidogo, na PV19 kiasi cha ncha ya kisu.

Mng'ao wa paji na pua: hapa mgeni hukosea na mwenyeji pia. Ngozi nyeusi yenye jasho au mafuta huakisi kilicho juu yake. Nje, kilicho juu ni mbingu, kwa hiyo mng'ao ni wa buluu-kijivu: nyeupe, chembe ya ultramarini, chembe ya rangi ya kati. Ndani, chini ya taa ya manjano, mng'ao ni wa manjano. Uweke mara moja na uondoe mkono.

Kwa ngozi ya maji ya kunde au nyeupe zaidi, badilisha uwiano wa kati: oka 2, siena 1, nyeupe 1, na vivuli vyake vifanye kwa siena na ultramarini badala ya amba. Katika uso wowote, masikio, pua na mashavu vina damu nyingi karibu na ngozi, kwa hiyo huelekea wekundu. Paji huelekea manjano. Weupe wa macho si mweupe. Ni kijivu cha joto, na kope la juu hutupa kivuli juu yake. Meno vilevile. Buibui nalo si jeusi: upande wa mbingu ni buluu nzito, mikunjo ya ndani ni kahawia.

Upepo wa kaskazi hukausha akriliki kwenye sahani kabla hujageuza kichwa. Chukua sinia lenye kingo, tandika kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, juu yake karatasi ya kuokea. Changanyia rangi juu ya karatasi hiyo, funika kwa sinia jingine ukimaliza. Hukaa mbichi siku mbili au tatu. Wakati wa masika shida ni kinyume, tabaka halikauki, na ukipaka juu yake unalichubua. Subiri, au fanya kazi kwa picha mbili kwa zamu.

Kanvasi za kutengeneza mwenyewe

Za dukani ni ghali na wakati mwingine zimelegea tangu mwanzo. Nunua marekani nzito, kile kitambaa cha pamba. Kipande kimoja cha sentimita 50 kwa 60 hutosha fremu ya 40 kwa 50, ukiacha 5 za kukunja kila upande. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hutoa vipande vitatu kwa kila safu, kwa hiyo mita 4 hutoa safu sita, vipande 18. Kifue kwanza kwa maji moto ili kirudi, kipige pasi, ndipo ukate. Asiyekifua atakiona kikivuta fremu ikapinda mara tu kinapopakwa maji.

Kila fremu inahitaji mbao za sentimita 180 jumla, zenye upana wa 4 na unene wa 2. Kwa 18 ni mita 32.4, nunua 36. Mwambie seremala aulaze kidogo upande wa mbele kuelekea ndani ili kitambaa kiguse ukingo wa nje tu, vinginevyo ubao utachora mstari kwenye picha. Pima mishazari: yote miwili iwe sentimita 64. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, pembe za fremu zimepinda na haitakaa sawa ukutani. Bana kitambaa kuanzia katikati ya kila upande ukielekea pembeni. Pini za chuma cha kawaida hupata kutu ndani ya miezi, na kutu hupenya kitambaa. Tafuta za chuma kisichoshika kutu, au zipake vanishi kila moja.

Paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 3, acha usiku mzima. Kisha tabaka tatu za msingi: rangi nyeupe ya ukuta ya maji isiyong'aa sehemu 4, gundi sehemu 1, unga wa chaki sehemu 1. Kila tabaka lielekee upande tofauti na lililotangulia, na msasa namba 220 baina yake. Chokaa ya kujengea usiitumie badala ya chaki, ni kali na hula baadhi ya rangi.

Kuna wanaochora juu ya tanga kuukuu la mashua. Linapendeza, na viraka vyake ni sehemu ya picha, lakini limejaa chumvi. Liloweke kwa maji matamu siku mbili, ukibadilisha maji mara nne. Chumvi ikibaki, huvuta unyevu na rangi inamenyeka.

Picha ngapi, na za nani

Chora 18, tundika 12. Sita za kuachwa ndizo zinazofanya 12 zionekane nzuri. Ukubwa uwe mmoja kwa zote, isipokuwa moja kubwa, tuseme sentimita 80 kwa 100, ya kuvuta jicho kutoka mlangoni.

Somo liwe jembamba. “Watu wa Lamu” ni pana mno. Mafundi wa mashua wa Matondoni, wasichana wa darasa moja, wenye punda, wanaokaa kwenye baraza moja mbele ya ngome Mkunguni: mojawapo ya haya hushika. Na mchoraji wa miaka 16 asione haya kuchora wenzake. Wazee wenye makunyanzi wameshachorwa na kila mgeni aliyeshuka na sanduku la rangi. Uso laini wa rafiki yako ni mgumu zaidi na ni mpya zaidi.

Kuchagua, zipange zote sakafuni zikitazama ukutani kwa wiki mbili, kisha zigeuze zote kwa mara moja mbele ya mtu mwenye jicho ambaye si ndugu yako. Zitazame pia kupitia kioo. Kioo huonyesha taya lililopinda ambalo umelizoea.

Ukumbi na kutundika

Barua ya kuomba ukumbi ipelekwe miezi mitatu au minne kabla. Ngome ya Lamu iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, basi ombi huenda kwa msimamizi wa makumbusho. Hoteli, shule na majumba ya watu binafsi ni mazungumzo ya ana kwa ana. Ambatanisha picha tano zilizochapwa, orodha ya ukubwa, tarehe mbili mbadala, na jina la mzazi atakayetia sahihi. Epuka Ramadhani, epuka masika kuanzia Aprili, na usigongane na mtihani wako. Likizo ya Disemba huangukia wakati wa kaskazi, bahari imetulia na wageni wapo. Wiki ya Maulidi mji hufurika, lakini watu wamekuja kwa Maulidi.

Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata pasipo hilo kuta zake hazitaki msumari: lipu ya chokaa humomonyoka na tundu hukua. Kuna njia tatu. Ning'iniza kutoka kwenye boriti za dari kwa mshipi wa kuvulia wa kubeba kilo 20 au zaidi, mishipi miwili kwa kila picha ili isizunguke. Au jenga viunzi vya miti ya mikoko: mazio mbili (miti minene kiasi) za kusimama, pau moja (mti mwembamba zaidi) ya kulaza juu, zifungwe kwa kamba. Au, kwa michoro midogo ya mkaa, tumia vidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopo. Mshipi hunyooka ukibebeshwa uzito, kwa hiyo tundika siku moja kabla na urekebishe asubuhi yake. Fundo la kawaida huteleza kwenye nailoni. Wavuvi wanajua la kufunga, mwombe mmoja akuonyeshe.

Kitovu cha picha kiwe sentimita 148 kutoka sakafuni. Kwa picha ya urefu wa 50 yenye waya unaolegea 5 chini ya ukingo, ndoana inakaa 148 + 25 − 5, yaani sentimita 168. Sakafu za zamani hazikai sawa, basi baada ya picha ya kwanza vuta uzi ulionyooshwa kwa pimamaji ya fundi na ufuate huo. Acha sentimita 40 baina ya picha na picha.

Vanishi iwe isiyong'aa sana, tabaka mbili nyembamba, siku kavu, angalau wiki mbili baada ya mkono wa mwisho. Ukiipaka kukiwa na unyevu mzito huweka ukungu mweupe. Taa ziwe za nyuzi 30 kutoka wima ili zisimulike jicho la mtazamaji, na ziwe na akiba ya betri, maana umeme unaweza kukatika saa ile ile ya ufunguzi.

Kubeba: akriliki hunata kwenye joto. Plastiki ya vipovu ikigusa uso wa picha huacha alama za duara zisizotoka. Weka karatasi ya kuokea kwanza, ndipo plastiki, na zipange wima kwenye mkokoteni. Punda ni wa fremu tupu.

Bei na karatasi

Ukubwa mmoja, bei moja. Usiuze uso wa Bibi kwa bei ya juu kuliko wa baharia kwa kuwa unaupenda. Hesabu vifaa mara mbili, jumlisha saa za kazi kwa ujira wa saa wa fundi mzuri wa mji. Mfano: vifaa shilingi 1,200, saa 12, ujira 200 kwa saa, unapata 2,400 + 2,400 = 4,800. Mwenye ukumbi akikata asilimia 30, gawanya kwa 0.7, bei ya ukutani ni karibu 6,900. Wengine hukata hadi nusu, kwa hiyo kiwango kiandikwe kabla ya picha kuingia ndani, pamoja na nani analipa ikiharibika.

Aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho, basi namba ya malipo iwe ya mzazi, na daftari la mauzo liwe la kijana. Mtu akikuagiza umchore, jua kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humhesabu aliyeagiza kuwa amehamishiwa hakimiliki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mstari mmoja wenye sahihi mbili, kwamba hakimiliki inabaki kwa mchoraji, unatosha.

Siku yenyewe

Wachorwa waalikwe mwanzo, siku moja kabla, bila wageni. Anayetaka picha yake iondolewe, iondoe bila kunung'unika. Ndiyo sababu ulichora 18. Ufunguzi uwe baada ya alasiri, saa 10 hadi magharibi. Asubuhi ya pili iache iwe ya akina mama peke yao na utangaze hivyo waziwazi. Watakuja wengi zaidi ya unavyodhani.

Kahawa chungu na halua vikae mbali na ukuta. Kibandiko cha kila picha kiwe na jina la picha, mwaka, kifaa, ukubwa na namba. Bei iwe kwenye orodha mezani. Hotuba dakika tatu. Weka meza moja ya ile michoro 100 ya mwanzo, yenye tarehe, watu waipekue wenyewe; mara nyingi hapo ndipo wenye watoto husimama muda mrefu kuliko kwenye picha kubwa.

Picha iliyouzwa ibaki ukutani hadi mwisho, na alama nyekundu. Kabla haijaondoka ipige picha ikiwa imenyooka, mchana, mahali penye kivuli, na uandike aliyeinunua na mahali inapokwenda. Zisizouzwa zirudi nyumbani siku hiyo hiyo, zisimame juu ya mbao mbili mbali na sakafu, nyuma zikipitisha hewa, na uziangalie kila mwezi kama mchwa hawajafika.